Nyumba Ina Kebo Tayari: Kuongeza Ruta ya Wi-Fi Bila Kuvuruga Mtandao

Ukilalamika dukani kwamba Wi-Fi haifiki chumbani, mara nyingi muuzaji atakutolea kile kidude cha kuchomeka kwenye soketi kiitwacho ekstenda, au ripita, na kukuhakikishia kwamba shida imekwisha. Kwa nyumba isiyo na kebo hata moja, ushauri huo si mbaya sana. Lakini zipo nyumba nyingi, iwe Dar es Salaam, Nairobi au Mombasa, ambazo kebo za mtandao zilikwisha kupitishwa ndani ya kuta au juu ya dari: moja imekwenda kwenye runinga, nyingine kwenye kompyuta ya mezani, nyingine kwenye rekoda ya kamera za ulinzi. Mwenye nyumba ya namna hii hana sababu ya kununua ekstenda. Ekstenda hupokea mawimbi yaliyokwisha kudhoofika kwa kupenya kuta, kisha huyarusha upya. Zile za bei ya chini hutumia redio moja kupokea na kutuma, ndipo kasi inaposhuka karibu nusu. Ruta ya pili iliyounganishwa kwa kebo haipati hasara hiyo, kwa sababu data inafika chumbani kwa waya, na inageuzwa kuwa mawimbi pale pale mnapoitumia.

Kazi yenyewe haizidi saa moja kwa mtu aliyejiandaa. Kinachowakwamisha wengi ni kwamba wanachomeka ruta mpya kama ilivyotoka kwenye boksi, nayo inaanza kufanya kazi ambayo tayari ina mwenyewe. Makala haya yote, ukiyafupisha, yanahusu namna ya kuizuia ruta mpya isiwe ruta.

Kuta na mawimbi

Sanduku la faiba huwekwa pale fundi wa mtoa huduma alipoona ni rahisi kuingiza waya, kwa kawaida sebuleni, karibu na dirisha la mbele. Akishaona taa zimewaka inavyotakiwa, amemaliza. Vyumba vya nyuma havimo katika hesabu zake. Kutoka hapo mawimbi yanatakiwa kupita ukuta wa tofali za saruji, nguzo zenye nondo, pengine na jiko lenye friji na makabati, ndipo yafike kwa watoto wanaosoma. Nyumba ya ghorofa inaongeza slabu, yaani zege lililobeba wavu wa nondo, na chuma huzuia mawimbi kuliko karibu kitu kingine chochote nyumbani. Mji Mkongwe wa Zanzibar, Lamu na Mji wa Kale wa Mombasa hali ni ngumu zaidi. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa ni nene kiasi kwamba mtu hukaa dirishani akakunja miguu, na Wi-Fi ya chumba kimoja huishia humo humo. Maji nayo hunyonya mawimbi, kwa hiyo tangi lililosimama kati ya nyumba kubwa na vyumba vya uani ni kikwazo hata kama ni la plastiki.

Ruta nyingi za sasa hurusha kwa masafa mawili. Gigahezi 2.4 hupenya kuta vizuri zaidi, lakini ndiyo yenye msongamano wa majirani wote, na oveni ya maikrowevu inapofanya kazi huyachafua masafa hayo hayo. Gigahezi 5 ina kasi kubwa na nafasi ya kutosha, ila ukuta wa pili unaimaliza. Ndiyo maana simu sebuleni inaruka, chumbani inahamia 2.4 na kusuasua, uani inapotea kabisa. Kununua ruta yenye antena sita kwa ajili ya sebule hakubadilishi mengi, maana mawasiliano ni ya pande mbili: simu nayo lazima irudishe jibu lake hadi kwenye ruta, na antena ya simu ni ile ile ndogo iliyomo ndani yake.

Ijue nyumba kabla ya kutoa pesa

Fuata kila kebo kwa macho na kwa mkono. Nyumba nyingi zina sanduku moja linalofanya kila kitu: linapokea faiba, linagawa intaneti, lina matundu manne ya kebo na linarusha Wi-Fi. Nyingine zina kisanduku cha faiba peke yake, kisha ruta, kisha swichi ya matundu manane iliyofichwa kabatini na fundi wa kamera, ambayo mwenye nyumba hata hajui kama ipo. Unachotafuta ni kuijua ruta kuu, ile inayogawa anwani kwa vifaa vyote.

Kuijua ni rahisi. Kwenye kompyuta ya Windows iliyo kwenye mtandao huo, fungua Command Prompt, andika ipconfig, kisha tafuta mstari wenye maneno Default Gateway. Kwenye simu ya Android ingia kwenye maelezo ya Wi-Fi uliyounganishwa nayo, utakuta neno Gateway. Kwenye iPhone pameandikwa Router. Namba iliyo hapo, kwa mfano 192.168.1.1 au 192.168.100.1, ndiyo anwani ya ruta kuu. Iandike mahali.

Kisha jaribu kebo ya chumba unachotaka kukiwekea Wi-Fi. Chukua laptopu, izimie Wi-Fi, ichomeke kwenye kebo hiyo na ufungue tovuti yoyote. Ikifunguka, kebo ni nzima. Isipofunguka, hakuna ruta itakayoiponya. Shughulika na kebo kwanza, na nitaieleza mbele. Hapo hapo tazama kasi ya muunganisho ambayo kompyuta inaonyesha. Kebo ya aina ya Cat5e au Cat6 iliyofungwa vizuri hubeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi umbali wa mita 100, lakini kwa kasi hiyo inahitaji nyaya zake zote nane. Ikiwa jozi moja imekatika au haikubanwa sawasawa kwenye kichwa, vifaa hushuka vyenyewe hadi megabiti 100, ambazo zinahitaji nyaya nne tu. Kama kifurushi chako ni cha megabiti 20 au 40, usipoteze usingizi kwa hilo. Kama unalipia 200, tafuta jozi iliyokufa.

Ukishajua hayo ndipo uende dukani, Kariakoo au Luthuli Avenue, na swali lako la kwanza liwe hili: ruta hii ina modi ya Access Point? Muuzaji asipojua, tazama nyuma ya boksi au kwenye tovuti ya mtengenezaji. Hakikisha ina masafa yote mawili, na usome kasi ya matundu yake, maana ruta kadhaa za bei nafuu huandikwa namba kubwa za Wi-Fi kwenye boksi huku matundu yake ya kebo yakiishia megabiti 100. Kiwango cha Wi-Fi 5, kilichopitishwa mwaka 2013, bado kinatosha familia ya kawaida. Wi-Fi 6 inaonyesha thamani yake vifaa vinapokuwa vingi kwa wakati mmoja.

Ruta ya zamani iliyolala kwenye droo nayo inafaa, mradi inakubali ulinzi wa WPA2 na uweze kuingia kwenye mipangilio yake. Baadhi ya zile zilizotolewa na watoa huduma zimefungwa, hazikuruhusu kubadili chochote cha maana, hizo ziache. Ukiuziwa kifaa kinachoitwa access point chenyewe, si ruta, uliza kinapataje umeme: vingi vya kubandika darini hupata umeme kupitia kebo ile ile ya mtandao, na vinahitaji kisanduku chake maalumu cha kuuingiza. Bila hicho utabaki na pambo la dari.

Mgawaji awe mmoja

Kila kifaa kinapoingia kwenye mtandao huomba anwani. Ruta kuu ndiyo inayoigawa kwa utaratibu uitwao DHCP, na pamoja na anwani hukiambia kifaa mlango wa kutokea kwenda intaneti uko wapi. Ruta mpya nayo imetoka kiwandani ikiwa imeagizwa kugawa. Zikiwa mbili kwenye waya mmoja, ni kama zahanati yenye madirisha mawili yanayogawa namba za foleni bila kuambiana: watu wawili wanashika namba moja, na waliopewa namba kwenye dirisha la pili wanaelekezwa kwa daktari ambaye hayupo. Dalili zake huwachanganya hata mafundi. Asubuhi simu ya baba inaingia mtandaoni, ya mama haiingii. Zikizimwa na kuwashwa zinabadilishana. Printa iliyofanya kazi jana leo haionekani. Mtoa huduma anapigiwa, anapima, anasema kwake kuko sawa, naye anasema kweli.

Wapo wanaokwepa mgongano huo kwa kuchomeka kebo ya ukutani kwenye tundu la WAN la ruta mpya, lile lililotengwa na mengine na mara nyingi lenye rangi yake. Karatasi ya maelekezo iliyomo kwenye boksi inasema hivyo hivyo, na intaneti inakuja papo hapo. Kilichotokea ni kwamba umezaa mtandao wa pili ndani ya wa kwanza, na kila kitu kinachotoka chumbani sasa kinatafsiriwa anwani mara mbili kabla ya kufika nje. Kwa kusoma habari na kutazama video hutaona tofauti. Utaiona siku simu iliyo chumbani itakapokataa kuiona printa ya sebuleni, au runinga itakapogoma kurushiwa video kutoka kwenye simu, au mtoto atakapolalamika kwamba mchezo wake haumuunganishi na wenzake. Na kama ruta zote mbili zimetoka kiwandani na safu moja ya anwani, tuseme zote ni 192.168.0, ruta mpya inashindwa kujua ndani ni wapi na nje ni wapi, na intaneti inaweza isije kabisa.

Kwa nyumba ya familia moja, basi, msimamo wangu hauna utata: ruta kuu ibaki peke yake ikigawa anwani, na mpya iwe kituo cha Wi-Fi tu, chenye matundu ya ziada ya kebo.

Kuiseti

Usiichomeke bado kwenye kebo ya nyumba. Iwashe mezani, unganisha laptopu yako nayo kwa kebo fupi kwenye tundu mojawapo lililoandikwa LAN, na uizimie laptopu Wi-Fi. Ukitumia simu badala ya kompyuta, zima data, kwa kuwa simu ikiona Wi-Fi haina intaneti hurudi kimyakimya kwenye data, na ukurasa wa ruta haufunguki hata ubonyeze mara mia. Anwani ya kuingilia na nenosiri la kwanza vimeandikwa kwenye stika chini ya ruta. Ikiwa imeshatumika na mtu mwingine, bana kitufe cha Reset kwa pini, sekunde kumi hivi, hadi taa ziwake upya.

Badili kwanza nenosiri la kuingilia kwenye mipangilio. Hili si nenosiri la Wi-Fi, na yasifanane. Ruta iliyobaki na admin na admin ni ya mtu yeyote aliyemo ndani ya mtandao, pamoja na programu chafu iliyojificha kwenye simu ya mgeni.

Kama kuna modi ya Access Point, ichague, hifadhi, subiri ijiwashe upya, na sehemu kubwa ya kazi imekwisha: ruta itaacha kugawa anwani, na yenyewe itaomba anwani kwa ruta kuu. Katika modi hiyo ruta nyingi hukubali kebo kwenye tundu la WAN bila matatizo. Fuata maelekezo ya mtengenezaji hapo.

Isipokuwepo modi hiyo, utaifanya kwa mkono, na mpangilio wa hatua una maana yake. Anza na Wi-Fi: jina, nenosiri, ulinzi. Kisha nenda kwenye mipangilio ya LAN na uipe ruta mpya anwani iliyo katika safu ya ruta kuu lakini isiyogongana nayo wala na zile zinazogawiwa. Ikiwa ruta kuu ni 192.168.1.1 na inagawa kuanzia 192.168.1.100 hadi 199, ipe mpya 192.168.1.2. Ikiwa ruta kuu inagawa kuanzia 2 hadi mwisho, ingia kwenye mipangilio yake uipunguzie safu ili 2 ibaki huru. Ukihifadhi, ukurasa utakatika, kwa sababu ruta imehama anwani. Chomoa kebo ya laptopu, ichomeke tena, na uingie kwa anwani mpya. Mwisho kabisa tafuta DHCP Server, uizime, uhifadhi. Ukianza na kuzima DHCP, laptopu ikichomolewa haitapewa anwani tena, na utajikuta nje ya mlango ulioufunga mwenyewe.

Sasa chukua kebo ya ukutani uiingize kwenye tundu la LAN la ruta mpya, lolote kati ya yale yanayofanana. La WAN liache tupu. Kama kebo hiyo ilikuwa inahudumia kompyuta ya mezani au runinga, haijapoteza nafasi: chomeka kifaa hicho kwenye tundu jingine la LAN la ruta mpya, kitaendelea kama zamani. Usiunganishe ruta mpya na ruta kuu kwa kebo mbili ukidhani unaongeza kasi. Ujumbe wa mtandao utazunguka kati yao bila kikomo, taa zote zitapepesa kwa kasi moja, na nyumba nzima itakata.

Andika ile anwani 192.168.1.2 kwenye kipande cha karatasi, ukibandike chini ya ruta. Miezi sita baadaye, utakapotaka kubadili nenosiri, hutaikumbuka.

Jina moja, chaneli mbili

Wakati wa kujaribu, ipe Wi-Fi mpya jina la muda, JARIBIO kwa mfano, ili ujue kwa hakika simu imeshika ipi. Ukisharidhika, ipe jina na nenosiri vile vile kama vya ruta kuu, pamoja na aina ile ile ya ulinzi. Simu itahama kutoka sebuleni kwenda chumbani bila kukuuliza kitu.

Kinachotakiwa kutofautiana ni chaneli. Kwenye gigahezi 2.4, chaneli zilizo karibu hupandana, na zisizogusana ni 1, 6 na 11. Ruta kuu ikiwa 1, mpya iwe 6 au 11, na upana uwe megahezi 20. Usichague 3 wala 8 kwa kudhani ni za katikati na zina nafasi; hizo huvuruga pande zote mbili. Kwenye nyumba za kupanga zenye milango mingi, pakua programu kama WiFi Analyzer kwenye simu ya Android uone majirani wamejazana wapi. Kwenye gigahezi 5 nafasi ni kubwa na unaweza kuiacha ruta ijichagulie.

Ipo kero moja ambayo wauzaji hawaitaji. Uamuzi wa kuhama ni wa simu, si wa ruta, na simu nyingi hung'ang'ania ruta ya kwanza hata ikiwa imebaki na kijistari kimoja. Utakuwa umeketi hatua mbili kutoka kwenye ruta mpya, simu bado imeishika ya sebuleni. Dawa yake inaonekana kinyume na akili: punguza nguvu ya kurusha ya gigahezi 2.4 kwenye ruta kuu, kutoka High hadi Medium, ili mawimbi yake yafe mapema na simu ilazimike kuachia. Ruta zisiwe pia karibu mno. Zikitenganishwa na kuta mbili zinafanya kazi vizuri kuliko zikiwa vyumba vya kupakana.

Kuhusu ulinzi, chagua WPA2, au WPA2 pamoja na WPA3 kama ipo. WEP ilivunjwa tangu mwaka 2001. Kifaa kinachoijua hiyo tu hakifai kuwashwa. Zima WPS, ule utaratibu wa kuunganisha kwa kitufe au namba ya siri ya tarakimu nane, kwa sababu udhaifu wa namba hiyo uliwekwa wazi mwaka 2011 na bado zipo ruta zinazouzwa ikiwa imewashwa. Kisha ingia sehemu ya kusasisha programu ya ruta, uisasishe mara moja baada ya kuunganishwa.

Mahali pa kuiweka: juu ya kabati au ukutani usawa wa kichwa au zaidi, si ndani ya kabati, si sakafuni nyuma ya runinga. Antena zisimame wima kwa nyumba ya chini, kwa kuwa hurusha zaidi kwa pembeni kuliko juu na chini. Kwa ghorofa, laza moja.

Wapangaji, wageni na fremu ya duka

Hapa ndipo ushauri wa hapo juu unapobadilika. Ukiwa na vyumba vya uani vyenye wapangaji, au fremu ya duka mbele, hutaki simu zao ziwe kwenye mtandao mmoja na kamera zako na kompyuta ya mkeo. Wengi hufikiri wakiwapa wapangaji ruta ya pili yenye mtandao wake, kwa kutumia tundu la WAN, wamejitenga nao. Ni kinyume. Aliye nyuma ya ruta ya pili anapita kwenye mtandao wa kwanza ili afike nje, hivyo anaweza kufikia vifaa vya mtandao huo kwa anwani zake, rekoda ya kamera ikiwemo. Asiyeweza kufikia upande wa pili ni wewe. Ukitaka kutenga kwa ruta mbili, wapangaji ndio wabaki kwenye ruta ya kwanza, na familia ikae nyuma ya ya pili pamoja na kamera na printa zake, ukikubali usumbufu wa kutafsiriwa anwani mara mbili.

Njia iliyo safi zaidi ni mtandao wa wageni unaowashwa kwenye ruta kuu yenyewe, kama mawimbi yake yanawafikia. Ukiuwasha kwenye ruta mpya iliyo katika modi ya Access Point, usiamini bila kupima, kwa sababu kwenye ruta nyingi za bei nafuu jina la wageni hutofautiana lakini mtandao ni ule ule. Kupima ni dakika moja: unganisha simu na Wi-Fi ya wageni, fungua kivinjari, andika anwani ya rekoda ya kamera au ya ruta kuu. Ukurasa wa kuingilia ukifunguka, hakuna utengano. Biashara inayokua na kuhitaji utengano wa kweli itafute fundi mwenye swichi na ruta zinazogawa mtandao kwa VLAN. Na kabla ya kuwatoza wapangaji, soma mkataba wako na mtoa huduma. Vifurushi vya nyumbani kwa kawaida havikupi ruhusa ya kuuza tena.

Kebo yenyewe

Ubovu mwingi unaosingiziwa ruta uko kwenye vichwa vya kebo. Mpangilio wa rangi unaotumika sana, T568B, ukianzia kushoto huku kichwa kikitazama mbali nawe na ulimi wake ukiwa chini, ni huu: nyeupe na chungwa, chungwa, nyeupe na kijani, bluu, nyeupe na bluu, kijani, nyeupe na kahawia, kahawia. Pande zote mbili zifanane. Kipima kebo cha bei ndogo, chenye taa nane, kinamaliza ubishi kati yako na fundi.

Unaponunua kebo mpya jihadhari na ile ya alumini iliyopakwa shaba, inayouzwa kwa alama ya CCA. Ni nyepesi na rahisi kwa bei, lakini hukatika ikikunjwa, na haifai kabisa kwa vifaa vinavyopata umeme kupitia kebo. Kwaruza ncha ya waya kwa wembe: ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, irudishe.

Kebo ya ndani ikipitishwa nje hupasuka ngozi kwa jua baada ya muda, maji yakaingia. Kwa uani tumia kebo ya nje, au uipitishe ndani ya bomba. Radi ni hatari kubwa zaidi. Kebo ya shaba iliyotambaa kutoka nyumba kubwa hadi banda la nyuma huokota mshtuko wa radi iliyopiga hata mbali kidogo, na kuupeleka kwenye ruta, runinga na rekoda kwa pamoja. Kati ya majengo mawili, faiba fupi yenye kigeuzi kila upande ndiyo salama, kwa kuwa kioo hakipitishi umeme. Usipoimudu, chomoa kebo hiyo kwenye swichi wingu la masika linapoanza kunguruma. Kuzima soketi peke yake hakutoshi.

Ikigoma

Tazama anwani ambayo simu au kompyuta imepewa. Ikianza na 169.254, hakuna aliyekigawia kifaa anwani: kebo imekatika, au imechomekwa kwenye WAN wakati ilitakiwa LAN. Ikiwa imepewa anwani ya safu nyingine kabisa na ile ya ruta kuu, ruta mpya bado inagawa. Rudi uzime DHCP. Ikiwa anwani ni sahihi na Gateway ni ya ruta kuu lakini intaneti haipo, jaribu sebuleni. Kama na huko haipo, tatizo ni la mtoa huduma. Ukishindwa kabisa kuingia kwenye ruta mpya, ichomoe, iresete, anza upya mezani. Ruta kuu na vifaa vingine havitaguswa na hilo.

Umeme ukikatika, msururu mzima lazima uwe na akiba ili Wi-Fi ya chumbani iendelee: kisanduku cha faiba, ruta kuu, swichi iliyo kati yao kama ipo, na ruta mpya. Swichi ndiyo inayosahauliwa. Vifaa vingi vya aina hii hutumia volti 12, na zipo betri ndogo zilizotengenezwa kwa ajili yake, lakini soma adapta ya kila kimoja kabla ya kuchomeka, kwa sababu swichi ndogo na ruta kadhaa ni za volti 9 au 5, na kichwa cha waya kinaweza kuingia vizuri kwenye kifaa ambacho volti zake hazilingani.